Gari la marehemu baba linachemsha, na 480,000 zimeshakwenda

"Shikamoo fundi. Nina Carina Ti ya 1999, injini ya 5A, gia za otomatiki, niliyoachiwa na marehemu baba. Aliinunua 2010, bado ina namba za usajili za herufi B, na ndani ya dashibodi lipo daftari lake la kuandika kila alichobadilisha. Mstari wa mwisho ni wa 2019: 'kulanti nyekundu, km 148,000'. Baada ya hapo tumekuwa tukiongeza maji ya bomba. Tangu Desemba gari linachemsha. Mara ya kwanza ilikuwa karibu na Doma, barabara tambarare, naenda 80. Fundi wa kwanza alisema rejeta imeziba na maji yana rangi ya udongo; nikanunua nyingine kwa 180,000, mfuniko tukautumia ule ule wa zamani. Likachemsha. Wa pili akabadili mota ya feni, 60,000, halafu wota pampu, 95,000. Likachemsha. Wa tatu akang'oa thamostati, akasema nchi za joto haina kazi, akachukua 20,000. Ukijumlisha na ufundi mwingine wa 125,000, nimetoa 480,000. Wiki iliyopita naelekea Iringa, pale mlima Kitonga mshale wa joto ulipanda hadi mwisho, halafu ukashuka wenyewe ghafla. Nikajua limepoa, nikaendelea, likazima. Sasa liko gereji Iringa. Mmoja anasema gasketi ya hedi imeungua, anataka 450,000. Mwingine anasema ninunue injini nzima ya mtumba, 1,300,000. Ndugu zangu wanasema niuze kwa bei yoyote. Nimeibiwa? Nifanye nini?"

Marahaba mwanangu. Pole kwa mzee, na pole kwa gari lake.

Kabla sijaanza maelezo, piga simu Iringa uwaambie wasiliwashe. Mafundi wetu wana tabia hiyo: kila akifika mtu mpya pale gereji, "hebu washa tusikie". Injini iliyochemsha mpaka ikazima yenyewe haisikilizwi. Kila dakika inayozunguka bila maji, hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, inazidi kujikunja, na hiyo hedi ndiyo itakayoamua kama utalipa laki kadhaa au zaidi ya milioni.

Umeuliza kama umeibiwa. Sidhani. Nimeisoma orodha yako mara mbili. Umenunua rejeta, mota, pampu na ufundi, lakini sijaona mahali ulipolipia kipimo. Hakuna aliyekwambia "nimefunga pampu ya presha kwenye rejeta na mshale wa pampu umeshuka, kuna panapovuja", wala "nimeunga feni moja kwa moja kwenye betri, haizunguki". Kila mmoja alibahatisha kwa fedha yako, akaondoka. Na lawama hiyo siwatwishi wao peke yao, maana nimekaa kwenye gereji miaka mingi na wateja nawajua. Mwambie mtu "nipe 20,000 kwanza nipime", atakuuliza tangu lini macho yanauzwa. Mwambie "rejeta imekufa, lete 180,000", jioni analeta, kwa sababu rejeta inashikika na inang'aa. Fundi naye anajifunza kuuza kinachoshikika.

Sasa turudi Doma, maana jibu lilianzia pale. Gari likienda 80 kwenye tambarare, upepo unaopita kwenye rejeta unatosha. Feni hata isipozunguka kabisa, gari lisilo na ubovu mwingine halichemshi. Feni inahitajika ukiwa kwenye foleni, umesimama, au unapanda taratibu nyuma ya malori. Kwa hiyo gari linalochemsha mjini na kupoa barabara kuu, shika feni. Linalochemsha barabara kuu, shika maji: yanazunguka? Yapo ya kutosha? Yanakaa kwenye presha? Swali moja tu, "lilichemshia wapi?", lingekuokolea ile 60,000 ya mota.

Wota pampu, ile inayosukuma maji yazunguke, sikatai moja kwa moja. Kwenye injini ya 5A inazungushwa na mkanda wa nje, ule ule wa alteneta, na mkanda ukilegea pampu inazunguka kivivu. Ila huo unakazwa kwa spana, huhitaji pampu mpya. Pampu yenyewe ikifa mara nyingi inajionyesha kwa kuvuja chini ya pulii, au kwa mlio, au pulii kuchezacheza ukiishika. Kama hukuonyeshwa kimojawapo, ulinunua pampu kwa sababu ilikuwa inafuata kwenye orodha.

Yule wa kwanza, huenda mkashangaa, naona alikuwa karibu kabisa na ukweli. Maji yenye rangi ya udongo ni kutu. Bloku, yaani mwili wa injini yako wenye silinda, ni chuma cha kalibu, hedi ni aluminiamu, na vyuma viwili tofauti vikikaa ndani ya maji yasiyo na dawa vinaliwa. Watu wengi wanadhani kulanti, hiyo dawa ya rejeta, ni maji yaliyotiwa rangi ili yauzwe ghali. Maji matupu kwa kweli yanabeba joto vizuri kuliko kulanti, hilo nalikubali bila kubishana. Lakini hayazuii kutu, yanaacha chokaa kama ile ya kwenye birika, na yanawahi kuchemka. Ile nyekundu ya Toyota inabadilishwa kila miaka miwili au kilomita 40,000, na mzee anaonekana alilijua hilo. Tangu 2019 dawa imekuwa ikizimuliwa kwa maji ya bomba mpaka ikabaki kutu tupu.

Kosa la fundi huyo ni kwamba alifunga rejeta mpya kwenye injini chafu. Tope lililojaa ndani ya bloku halikuondoka na rejeta ya zamani. Lilibaki, na injini ilipowashwa likaanza kuhamia kwenye vijinjia vya rejeta uliyoilipia. Kazi ile ilitakiwa ianze na kuosha: kufungua nati ya kutolea maji kwenye bloku, kupitisha maji safi mpaka yatoke meupe, ndipo rejeta ije.

Halafu ukaweka maneno machache katikati, "mfuniko tukautumia ule ule wa zamani", kama vile hayana uzito. Mfuniko wa rejeta si kizibo cha chupa. Una springi na mpira ndani, na juu umeandikwa 0.9 au 1.1, hiyo ndiyo presha unayoizuia. Maji yaliyo wazi yanachemka kwenye nyuzi 100 ukiwa pwani. Ukipanda Iringa, mita kama 1,600 juu ya bahari, yanachemka kwenye 95 hivi. Yafungie kwa mfuniko wa 0.9 unaofanya kazi, na hata huko juu yatafika 115 kabla ya kutoa povu. Mpira ukikauka na springi ikichoka, injini yako inapanda Kitonga ikiwa na maji yanayochemka mapema kuliko inavyotakiwa, nayo yakichemka yanageuka mvuke, na mvuke haupoozi chuma. Nimeshuhudia magari yaliyokata hedi kwa sababu ya mfuniko ambao mwenye gari alikataa kuubadili kwa kuwa "si ndio huu unaofunga vizuri".

Thamostati ndiyo inayoniudhi kuliko yote. "Nchi za joto haina kazi" nimelisikia tangu nikiwa mbeba spana, na bado linasemwa kwa kujiamini kabisa. Hewa ya nje ikiwa 35 au 15, injini bado inataka kufanya kazi kwenye joto lake. Thamostati ina nta ndani. Nta ikipata joto inatanuka, inasukuma mlango, maji ya rejeta yanaingia. Kwenye Toyota za jamii hii ina sahani mbili. Moja inafungua njia ya rejeta. Ya pili, wakati huo huo, inaziba njia ya mkato, ile inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiing'oa yote, njia ya mkato inabaki wazi saa zote, na sehemu ya maji yako ya moto inazunguka humo humo bila kuonja upepo. Kwenye tambarare na mwendo mdogo hutaona tofauti. Injini itakuwa baridi kupita kiasi, itakula mafuta, na fundi atasifiwa. Mlimani, pale unapohitaji kila tone lipite rejeta, ndipo deni linapodaiwa. Vitabu vya ufundi vya Toyota vyenyewe vinaonya usiitoe hata kama injini ina tabia ya kuchemsha.

Na kuipima hakuhitaji gereji. Weka sufuria ya maji jikoni, itumbukize thamostati ikining'inia kwa uzi isiguse chini, washa moto. Ya gari lako inatakiwa ianze kufunguka maji yakiwa kati ya nyuzi 80 na 84, yaani kabla hayajachemka, na ikifika 95 iwe imeachia nafasi ya milimita 8 au zaidi. Isipofunguka, au ikifunguka kidogo kama jicho la mtu mwenye usingizi, ni mbovu. Ukinunua mpya, ipime vivyo hivyo kabla haijafungwa. Za bandia ni nyingi na boksi lake linafanana na la orijino.

Kuhusu mshale wako wa Kitonga: haukushuka kwa sababu gari lilipoa. Kile kinachopima joto kimechomekwa mahali ambapo kinatakiwa kiwe ndani ya maji. Maji yakiisha, kinabaki kwenye mvuke na hewa, kinasoma joto dogo, mshale unashuka. Wakati unashukuru Mungu, hedi ilikuwa inaungua. Wala si wewe wa kwanza kudanganywa hivyo, na watengenezaji wangeweza kuweka kitu bora zaidi pale, lakini ndivyo ilivyo. Siku nyingine mshale ukivuka katikati kwa namna usiyoizoea, zima kiyoyozi, tafuta pa kusimama, zima injini. Usifungue mfuniko mpaka mpira wa juu wa rejeta ushikike kwa mkono bila kukuchoma, na usimwage maji baridi kwenye injini ya moto. Maji yanayoruka pale yanang'oa ngozi, na hedi ya moto ikimwagiwa maji baridi inaweza kupasuka.

Basi gasketi imeungua? Inawezekana sana. Aluminiamu ikipata joto inatanuka karibu mara mbili ya chuma, na kati ya hivyo viwili, hedi na bloku, kuna gasketi tu ya kuziba. Hedi ikijikunja, gasketi inaachia, moto wa silinda unaingia kwenye maji au maji yanaingia kwenye oili. Lakini "inawezekana sana" ni maneno yale yale yaliyokugharimu 480,000, kwa hiyo safari hii lipia kipimo kabla ya kipuri.

Cha kwanza ni bure. Vuta kijiti cha oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Usihukumu kwa ute mweupe chini ya kizibo cha oili peke yake. Gari lililotembea bila thamostati linaweza kuutoa kwa sababu ya ubaridi tu. Cha pili, wajaze maji kwenye rejeta, wafunge pampu ya mkono ya presha na kuipandisha hadi kiasi kilichoandikwa kwenye mfuniko. Mshale wa pampu ukishuka na huoni maji nje, yanaenda ndani. Cha tatu, wang'oe plagi zote na kupima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, silinda moja moja kwa kuzungusha starta tu. Plagi zikiwa nje, maji kama yaliingia juu ya pistoni yatapata pa kutokea badala ya kukunja kitu. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini wakati nyingine ziko sawa, gasketi imeungua katikati yake, karibu huna haja ya kuuliza zaidi. Zote nne zikiwa chini, hapo ringi na silinda zenyewe zinatia shaka, na mazungumzo ya injini nzima yanaanza kuwa na maana.

Gereji uliyopo ikiwa haina vifaa hivyo viwili, presha na kompresheni, lihamishe. Kwa kuwa ni otomatiki na inavutwa na matairi ya mbele, libebwe kwenye gari la kubebea au linyanyuliwe mbele. Kamba na tairi zote chini ni kuongeza ubovu wa gia boksi juu ya huu.

Sasa hiyo 450,000. Siwezi kusema ni kubwa au ndogo bila kujua ndani yake kuna nini. Muulize: hedi itapelekwa kupimwa na kuchongwa? Hili silisemi kwa kusoma. Nikiwa kijana nilibadili gasketi ya gari la mwalimu mmoja wa jirani. Nikaipangusa hedi kwa msasa, nikaiangalia kwa jicho moja, nikaona imenyooka, nikafunga. Baada ya wiki tatu akarudi analisukuma. Fundi mkubwa wangu akaweka rula ya chuma juu ya hedi, akachukua kibamba cha fila geji, kile cha kupimia nafasi nyembamba, kikapita kati kama barua chini ya mlango. Kiwango cha kujikunja kinachoruhusiwa kwenye hedi kama yako ni milimita 0.05. Unywele wako ni mnene kuliko hapo. Hakuna jicho linaloona hilo. Nilirudia kazi bure, na gasketi ya pili nilinunua mimi.

Kwa hiyo bei halali iwe na hivi: gasketi nzuri, hedi kupimwa na kuangaliwa nyufa, kuchongwa ikihitaji, bloku kuoshwa, sili za valvu, mkanda wa taimingi maana unatolewa kwa vyovyote, thamostati, mfuniko mpya, kulanti, oili na filta yake. Boliti za hedi zikazwe kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa hatua, kuanzia katikati kwenda nje. Fundi akikwambia mkono wake unajua, mshukuru, tafuta mwingine. Na kulanti ikishajazwa, waiwashe na hita ya ndani ikiwa wazi kwenye joto la mwisho mpaka hewa iliyonaswa itoke, kwani hewa hiyo nayo inachemsha gari jipya kabisa.

Injini ya mtumba siipingi. Mara nyingine ndiyo busara. Lakini unanunua injini usiyojua nayo ilichemshia wapi, na itafungwa kwenye mfumo ule ule wenye kutu, rejeta iliyokwisha kula tope, mfuniko mchovu na bila thamostati. Utaichemsha nayo. Tena namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, kwa hiyo kuna kwenda TRA, mamlaka ya mapato, kubadilisha taarifa, jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Ningekubaliana nayo kama hedi imepasuka, au silinda zimekwaruzwa, au baada ya kufungua mkakuta beringi zimekufa. Hayo yanajulikana hedi ikiwa mezani. Patana na fundi bei ya kufungua tu, kivyake. Akishafungua na kupima, akupigie simu kabla hajanunua hata msumari, ndipo mkubaliane hatua ya pili.

Kuuza sasa, likiwa haliwaki na liko ugenini, ni kuligawa. Ukitaka kuliuza liuze linatembea. Mimi ningelitengeneza, kwa sharti kwamba mtu amelala chini yake akaangalia bodi halijaliwa na kutu, na gia boksi inaingia bila kugonga. 5A ni injini nyepesi kufanyia kazi na spea zake zimejaa. Ila weka ukomo leo, kabla hujawa na hedi mezani na fundi anakutazama usoni. Sema kiasi chako ni fulani, na ikizidi hapo utasimama. Gari la mzee linaweza kukuomba fedha mpaka na ya ada ya watoto, nawe ukaona aibu kukataa.

Spea zote za zamani zirudishwe mkononi mwako, hasa gasketi. Iangalie: palipoungua pameacha alama nyeusi, na pakiwa katikati ya silinda zile zile mbili zilizosoma chini, ujue kipimo kilisema kweli. Wiki mbili za mwanzo, kila asubuhi injini ikiwa baridi, fungua mfuniko uone maji yako wapi na angalia na ile chupa ya akiba. Yakipungua na chini hakuna tone, rudi gereji siku hiyo hiyo, usisubiri lichemshe. Kiasi ulichokikuta kiandike kwenye daftari, pamoja na kilomita, chini ya mstari ule wa 2019.